Ziwa Maninjau: Mali ya Wote na Wajibu wa Kila Mmoja

Katika kisiwa cha Sumatra, nchini Indonesia, liko ziwa liitwalo Maninjau. Limetulia ndani ya kasoko la volkeno ya kale, zaidi ya mita 450 juu ya usawa wa bahari. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 100, na kina chake hufika mita 165. Atokaye mji wa Bukittinggi huliteremkia kwa barabara yenye kona 44, kila kona na namba yake. Huko chini, baina ya mlima na maji, ndipo vilipo vijiji tunavyokusudia kuvizungumza leo, pamoja na misikiti yao na mashamba yao ya mpunga.

Watu wa huko, Waminangkabau, si wageni kwetu kabisa. Ni Waislamu wa madhehebu ya Imamu Shafi, na Minhaji ya Imamu Nawawi imesomeshwa kwao kama ilivyosomeshwa katika mwambao wetu. Katika kijiji cha Sungai Batang, ukingoni mwa ziwa hilo, alizaliwa mwaka 1908 mwanachuoni Haji Abdul Malik Karim Amrullah, ajulikanaye kwa jina la Hamka. Ndiye mwenye Tafsir al-Azhar, ambayo sehemu yake kubwa aliiandika akiwa kifungoni baina ya mwaka 1964 na 1966. Mwaka 1975 akawa mwenyekiti wa kwanza wa Baraza la Maulamaa la Indonesia.

Mila yao moja huwashangaza wengi. Nyumba ya ukoo na mashamba ya mababu hupita upande wa mama, kutoka kwa wanawake wa ukoo kwenda kwa binti zao. Zamani kijana wa kiume akibaleghe hakuwa na chumba katika nyumba ya mamake. Alilala katika surau, yaani msikiti mdogo wa ukoo, akisoma Kurani na kufunzwa adabu. Baadaye alisafiri kutafuta riziki ugenini, na safari hiyo wanaiita merantau. Wasomaji wetu wa Lamu, ambako baba humjengea binti nyumba ya kuolewa, na wenye asili ya Ngazija, wanaoijua mali ya manyahuli, hawatastaajabu sana.

Maulamaa wao waliijadili mila hiyo kwa kina. Sheikh Ahmad Khatib, Mminangkabau aliyekuwa imamu na khatibu katika Msikiti Mtukufu wa Makka, aliipinga vikali kwa kuwa aliiona inakwenda kinyume na hukumu za mirathi. Mwanafunzi wake Haji Abdul Karim Amrullah, baba yake Hamka, alipambanua. Alichokichuma mtu kwa jasho lake kigawanywe kwa mujibu wa faraidhi. Lakini ardhi ya kale ya ukoo, isiyo na mmiliki mmoja, hali yake inafanana na wakfu: hutumiwa manufaa yake, asili yake ikabaki. Hatukusudii hapa kuhukumu baina ya vigogo hao wa elimu. Tunaloliona ni matokeo: mpunga ungali unalimwa katika mashamba ya mababu, kwa kuwa hakuna kizazi kilichojiona kina haki ya kuyamaliza.

Ziwa halikupata bahati hiyo. Tangu mapema miaka ya 1990 wanakijiji walianza kufuga samaki katika vizimba vya nyavu vinavyoelea, hasa tilapia, samaki ambaye asili yake ni Afrika yetu hii. Ilikuwa neema. Mwenye shamba dogo aliweza kusomesha watoto na kuezeka nyumba. Kisha jirani akaongeza vizimba, wakaja na wenye mitaji wasiokaa kijijini, hata vizimba vikazidi 15,000, ilhali kiwango kilichokadiriwa kuwa ziwa linaweza kustahimili ni 6,000.

Chakula kisicholiwa na kinyesi cha samaki huzama na kuoza vilindini, ambako hewa ya oksijeni huisha na gesi yenye sumu hujikusanya. Tangu mwaka 1983 maji yatokayo ziwani yanadhibitiwa kwa ajili ya kuzalisha umeme, basi uchafu hauna njia nyepesi ya kutoka. Zikija siku za upepo mkali na mvua, maji ya juu hupoa na kuzama, na yale ya chini hupanda na sumu yake. Usiku mmoja huweza kutosha. Mwanzoni mwa mwaka 2009 zilikufa maelfu ya tani za samaki, na waliokopa kununua chakula cha samaki wakabaki na deni na uvundo. Hata upande wetu wa Ziwa Victoria, wafugaji wa vizimba wamewahi kuamka wakakuta samaki wao wanaelea.

Aliyeumia si mwenye vizimba peke yake. Yupo mama aliyekuwa akiuza rinuak, dagaa wadogo mno wa ziwa hilo, na pensi, kome wadogo wa ufuoni. Huyo hakufuga chochote, lakini maji yaliyochafuka ni yake pia. Mtume (S.A.W.) alitupigia mfano wa watu waliopanda jahazi moja, baadhi juu na baadhi chini. Wa chini wakataka kutoboa sehemu yao wapate maji bila ya kuwaudhi wenzao. Wakiachwa wataghariki wote; wakizuiwa wataokoka wote. Hatujui mfano unaolisadiki ziwa hili zaidi ya huo.

Je, mustakabali wao ni upi? Mwaka 2021 serikali ya Indonesia iliiweka Maninjau katika orodha ya maziwa 15 ya kuokolewa kwanza, na kupunguza vizimba ni sehemu ya kazi hiyo. Ni jambo jema, lakini lina mizani yake. Mwenye vizimba vinne vya kulishia wanawe si sawa na mwenye mamia, na akiondolewa bila ya kuonyeshwa kazi nyingine, kijana wake atapanda basi kwenda Padang au Jakarta asirudi. Kwa rai yetu, upunguzaji uanze kwa walionacho zaidi, na wadogo wapewe muda na njia: mpunga, samaki wa asili wakirejea, na wageni wanaokuja kuizuru nyumba ya Hamka, ambayo leo ni makumbusho.

Waminangkabau husema kuwa mila yao imesimama juu ya sharia, na sharia juu ya Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Kwa msingi huo waliilinda ardhi ya mama zao. Wakiyatazama maji kwa jicho lile lile, kama kitu cha kutumiwa na kuachiwa waliomo na wajao, ziwa litapata nafasi ya kupumua. Nasi wa mwambao, wenye mikoko na hori zisizo na hati ya mtu mmoja, tuna la kujifunza kwao, katika walilofaulu na katika lililowashinda.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.T.) awarejeshee ndugu zetu wa Maninjau baraka ya ziwa lao, na atujaalie sisi na wao kuwa waangalizi wema wa alichotukabidhi. Amin.