Je, intaneti ya nyumbani ingali inahitaji simu ya mezani?

MTU anapohamia nyumba mpya na kutaka kuunganishiwa intaneti, kuna swali la tangu zamani ambalo bado huulizwa: Je, ni lazima alipie pia simu ya mezani?

Kwa kijana wa Nairobi aliyekulia enzi za simu za mkononi, huenda swali hili likamchekesha. Lakini kwa Mkenya anayeishi na kufanya kazi Uingereza, au kwa mzee ambaye simu ya waya ingali sebuleni mwake, si mzaha hata kidogo. Ni pesa zinazotoka mfukoni kila mwezi.

Jibu kwa ufupi ni la. Siku hizi nyumba nyingi zinaweza kupata intaneti ya kasi bila huduma ya simu ya mezani. Hata hivyo, mteja hana budi kuelewa mambo mawili kabla ya kutia sahihi mkataba. Kwanza, kulipia waya na kulipia simu ni mambo tofauti. Pili, simu ya zamani ilikuwa na manufaa ambayo simu ya kisasa haina.

Waya mmoja, kazi mbili

Ili kuelewa chanzo cha sharti hili, tuanze na teknolojia iitwayo ADSL, ambayo ndiyo iliyoingiza intaneti ya kasi katika mamilioni ya nyumba ulimwenguni kuanzia mwisho wa miaka ya 1990.

Teknolojia hiyo haikuhitaji waya mpya. Ilitumia nyaya zile zile za shaba zilizokuwa zimetandazwa miaka mingi awali kutoka kituo cha simu hadi nyumbani. Sauti ya mtu anayezungumza kwa simu hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo wa waya huo, yaani masafa ya chini. Wahandisi waligundua kwamba masafa ya juu, ambayo yalikuwa hayatumiki, yangeweza kubeba data.

Ndiyo maana mteja alipewa kichujio kidogo cha kuchomeka ukutani. Kazi yake ilikuwa kutenganisha sauti na data, ili mmoja azungumze kwa simu huku mwingine akitumia tarakilishi.

Kwa hivyo, asiyekuwa na laini ya simu hakuwa na njia ya kupitishia intaneti. Kampuni nazo zilizoea kutoza ada mbili: moja ya kukodisha laini na nyingine ya intaneti. Aliyekataa ya kwanza hakupata ya pili, hata kama hakuwahi kupiga simu hata moja.

Isitoshe, umbali ulikuwa kikwazo. Kadiri nyumba ilivyokuwa mbali na kituo cha simu, ndivyo kasi ilivyopungua, na waliokuwa umbali wa kilomita kadhaa walikosa huduma hiyo au kuipata ikiwa hafifu.

Uingereza na ada iliyojificha

Uingereza ni mfano mzuri wa jinsi ada hizo mbili zilivyowachanganya wateja. Kwa miaka mingi, matangazo yalinadi intaneti kwa bei ya chini sana kwa maandishi makubwa, ilhali ada ya laini iliandikwa kando kwa herufi ndogo. Mteja aligundua gharama kamili alipoletewa bili.

Kufikia mwaka wa 2016, kampuni ya BT ilikuwa ikitoza pauni 18.99 kwa mwezi kwa laini pekee. Hizo ni karibu pauni 228 kwa mwaka, kabla ya kuhesabu intaneti yenyewe.

Mamlaka inayosimamia viwango vya matangazo nchini humo iliingilia kati. Kuanzia Oktoba 31, 2016, kampuni zilitakiwa kutangaza bei moja inayojumuisha kila kitu. Tangu hapo, ada ya laini ikaanza kutoweka katika matangazo kama malipo ya kando.

Lakini kutoweka kwa jina hakumaanishi kwamba gharama ya waya ilitoweka. Iliingizwa tu katika bei ya jumla. Waya unaofika nyumbani, uwe wa shaba au wa faiba, lazima utunzwe, na anayeutunza lazima alipwe.

Walioumia zaidi ni wale waliokuwa na simu pekee bila intaneti, wengi wao wakiwa wazee. Walikuwa wakipandishiwa ada kila mara bila kupata nafuu zilizotolewa kwa wanaonunua huduma kadhaa kwa pamoja. Baada ya kushinikizwa na mdhibiti wa mawasiliano, Ofcom, BT ilikubali mwaka wa 2017 kuwapunguzia wateja hao pauni saba kwa mwezi, na punguzo hilo likaanza Aprili 2018.

Mwaka wa 2023 kulitokea badiliko kubwa zaidi. Mnamo Septemba, kampuni ya Openreach, inayomiliki sehemu kubwa ya nyaya za simu nchini humo, ilikoma kuuza laini mpya za simu za mtindo wa zamani. Tarehe ya kuuzima kabisa mtambo huo wa zamani nayo iliahirishwa kutoka mwisho wa 2025 hadi Januari 31, 2027.

Mambo sasa yamegeuka. Zamani intaneti ndiyo iliyopanda mgongoni mwa simu; leo simu ndiyo inayopanda mgongoni mwa intaneti. Anayetaka simu ya mezani huichomeka kwenye ruta, na sauti yake husafiri kama data.

Kenya iliruka hatua

Humu nchini, historia ilichukua mkondo mwingine. Lililokuwa Shirika la Posta na Simu (KPTC) lilivunjwa mwaka wa 1999, na huduma za simu zikaachiwa Telkom Kenya. Wakati huo, kupata laini ya simu nyumbani kulikuwa sawa na kupata cheo. Wengi walituma maombi na kungoja kwa miaka.

Kisha simu za mkononi zikaenea kuanzia mwaka wa 2000, na foleni ya kungojea simu ya waya ikakosa maana. Wizi wa nyaya za shaba nao ukaidhoofisha zaidi huduma hiyo. Ingawa Telkom iliuza intaneti kupitia nyaya zake, Wakenya wengi hawakuwahi kuijua teknolojia ya ADSL.

Mnamo 2009, kebo za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na Kenya ikaacha kutegemea setilaiti pekee. Kampuni zilizotandaza nyaya za faiba mitaani hazikuwa na haja ya laini ya simu. Baadhi, kama vile Zuku, ziliuza runinga, intaneti na simu katika kifurushi kimoja, lakini simu hapo ilikuwa nyongeza wala si msingi.

Faiba ni uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga. Haubebi umeme, na haupotezi nguvu haraka kama shaba. Kwa wasiofikiwa na faiba, kuna intaneti ya 4G na 5G pamoja na ya setilaiti, ambazo hazihitaji waya wowote wa simu.

Umeme unapopotea

Hapa ndipo penye jambo la pili tulilotaja. Simu ya zamani ya waya ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu, ambako kulikuwa na betri na jenereta. Hata nyumba nzima ilipokuwa gizani, simu hiyo iliendelea kulia.

Simu inayotegemea ruta haina uwezo huo. Umeme ukikatika, ruta huzimika, na simu hunyamaza papo hapo, isipokuwa kuwe na betri ya akiba.

Kwa kijana mwenye simu ya mkononi, hili ni usumbufu tu. Kwa mzee anayeishi pekee yake mahali pasipo na mawimbi mazuri ya simu, linaweza kuwa suala la uhai. Nchini Uingereza, wazee wengi huvaa kifaa chenye kitufe cha kuita msaada wanapoanguka, na vifaa vingi vya aina hiyo viliundwa kutumia laini ya zamani. Mwongozo wa Ofcom unazitaka kampuni kuwapa wateja wanaotegemea simu ya mezani njia ya kupiga nambari ya dharura kwa muda usiopungua saa moja umeme unapopotea.

Maswali ya kumwuliza mwuzaji

Kabla ya kutia sahihi, mteja amwulize mwuzaji maswali haya: Je, bei hii inajumuisha kila kitu, au kuna ada nyingine ya laini, ruta ama uunganishaji? Je, naweza kuiacha simu, na nikifanya hivyo bei itapungua kwa kiasi gani? Je, bei itakuwa ngapi mkataba utakapokwisha?

Wakati mwingine kifurushi chenye simu huwa na bei sawa na kisicho nayo, na hapo kuikataa simu hakuokoi chochote.

Aidha, anayetaka kuhifadhi nambari yake ya zamani aombe ihamishwe kwa kampuni mpya kabla ya kufuta mkataba wa kwanza. Akifuta kwanza, huenda akaipoteza.

Na ikiwa laini inayotaka kukatwa ni ya mama au baba mzee, anayelipa bili asiangalie pesa pekee. Aulize pia: Usiku stima ikipotea, mzee huyu ataita msaada kwa njia gani? Jibu likikosekana, itabidi kwanza anunuliwe betri ya kuhifadhi moto wa ruta, au apewe simu ya mkononi anayoweza kuitumia, kisha ndipo waya wa zamani ukatwe.