Jicho Gizani

Hapa Dzaleka, wilaya ya Dowa, jirani yetu alikuwa na mtoto ambaye kila jua likichwa alijikwaa katika mawe na ndoo. Watoto wenziwe walimcheka, na watu wazima wengine walisema amelogwa. Yafaa tujue jicho linavyofanya kazi, ili tusimwonee mtu bure.

Nuru huingia katika mboni, hupita kwenye lenzi, ikafika nyuma ya jicho penye utando mwembamba uitwao retina. Utando huo una seli za namna mbili. Seli za koni, zipatazo milioni 6, huona rangi na herufi za kitabu, lakini hutaka nuru nyingi. Seli za fito, zaidi ya milioni 90, huona penye nuru haba, ila rangi hazizijui. Ndiyo sababu gizani shati jekundu na la kijani yote huonekana ya kijivu.

Ndani ya fito mna kitu cha rangi kiitwacho rodopsini, ambacho hutengenezwa kwa vitamini A. Nuru ikikipiga hubadilika, na habari hupelekwa kwenye ubongo kwa mshipa wa fahamu. Kisha hutengenezwa tena polepole. Umepata kutembea usiku kando ya barabara, gari litokalo Lilongwe likakumulika usoni? Likiisha kupita huoni kitu, na fito huchukua kama nusu saa kurudia nguvu zake zote.

Basi mwili ukikosa vitamini A, fito ndizo ziumiazo kwanza. Mchana mtoto huona vyema, jioni hupapasa. Asipotibiwa, hata kioo cha mbele cha jicho huweza kuharibika, akapofuka kabisa.

Vitamini hiyo imo katika maini na mayai. Tena mwili huitengeneza kutokana na lengalenga, maembe, papai, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, na mafuta mekundu ya mawese waliyoyazoea wenzetu wa Kongo.

Mtoto yule alipelekwa zahanati, akapewa vitamini A, na baada ya siku chache akacheza na wenziwe mpaka usiku.

Nanyi mliokwisha kutoka shuleni, mlio na watoto nyumbani, watazameni jioni, si mchana tu. Anayejikwaa asichekwe, wala asipelekwe kwa mganga wa ramli. Apelekwe zahanati mapema.