Je, Wajua? Walifungwa kwa Kukataa Kuapa

Mwaka 1664, mahakamani Lancaster, Uingereza, George Fox alipewa Biblia ili aapie. Aliipokea, kisha akamkumbusha jaji kwamba kitabu hichohicho kinakataza kuapa. Akarudishwa gerezani, asitoke hadi 1666.

• Fox ndiye mwanzilishi wa Quaker, Wakristo waitwao pia Marafiki. Hoja yao ni fupi: anayeapa kusema kweli leo anakiri kwamba siku nyingine kweli yake ina walakini. "Ndiyo" ya Mkristo yatosha.

• Hoja hiyo ina mizizi katika Biblia: Yesu aliwakemea Mafarisayo kwa ujanja wa viapo. Walifundisha kwamba aliyeapa kwa hekalu hafungwi na neno lake, ila aliyeapa kwa dhahabu ya hekalu. Aliyejua kanuni hiyo aliweza kuahidi kwa sauti kuu huku mlango wa nyuma ameuacha wazi.

• Msimamo wa Quaker kuhusu ukweli uliingia hadi dukani. Wafanyabiashara wa Quaker walitaja bei moja tu. Hata ukimtuma mtoto, alilipa kilekile. Kutaja bei ya juu ili upunguziwe, kwao ulikuwa uongo.

• Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi yoyote duniani. Misheni yao ya kwanza nchini ilianzishwa Kaimosi mwaka 1902. Na katika mahakama za Kenya, shahidi asiyetaka kuapa huruhusiwa kuthibitisha kwa neno lake tu. Akidanganya, kosa ni lilelile.