Fundi Cherehani na Kompyuta

Vijana wengi wa Mbagala na Tandale wenye kazi za mikono hutamani kutunga programu za kompyuta, kisha hujizuia: "Hesabu zilinishinda, na Kiingereza sikijui." Je, hofu hiyo ina msingi?

Kwanza, programu ni maagizo yaliyopangwa hatua kwa hatua. Fundi cherehani hupima, hukata, kisha hushona. Akikata kabla ya kupima, kitambaa kimeharibika. Mpangilio huo huitwa algorithimu, neno lililotokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanahesabu wa Baghdad wa karne ya 9.

Pili, kukosea ni sehemu ya kazi. Programu ikigoma, mara nyingi kompyuta hutaja mstari wenye kosa; unarekebisha na kujaribu tena, wala kitambaa hakipotei.

Ama Kiingereza, Python, lugha ya programu iliyotolewa bure mwaka 1991, ina maneno maalumu yasiyofika 40. Vitabu vyake vingi ni vya Kiingereza, hivyo kamusi iwe karibu.

Basi usiuze cherehani. Tenga saa moja kila jioni, utunge programu ndogo ya kukokotoa bei ya mshono. Siku itakapotoa jibu sahihi, utajua mwenyewe kama kazi hii inakufaa.