Je, Wajua? Kuna Wiski Isiyoruhusiwa Kupanda Ndege

Baadhi ya chupa za bourbon, wiski ya mahindi ya Marekani, ni marufuku kwenye mizigo ya abiria wa ndege. Alkoholi ndani ya chupa hizo huzidi asilimia 70. Nguvu ni jambo moja tu la kuangalia kwenye lebo; haya hapa maneno manne yatakayokusaidia kuchagua bourbon.

• Nguvu ya pipa. Bourbon hii haitiwi maji kabla ya kujazwa chupani. Katika maghala yenye joto ya Kentucky, maji mara nyingi hutoka pipani haraka kuliko alkoholi. Wiski huzidi kuwa kali kila mwaka. Inamfaa anayetaka kujipimia maji mwenyewe, tone kwa tone.

• Dhamana ya serikali. Zamani wachuuzi wadanganyifu walitia tumbaku ili pombe changa ionekane imekomaa. Mwaka 1897 ikaja sheria: kiwanda kimoja, msimu mmoja, ghalani miaka 4 au zaidi, alkoholi asilimia 50 kamili. Lebo husema Bottled in Bond. Ladha yake haimezwi na barafu wala juisi. Ichague kwa kuchanganya.

• Pipa moja. Kila chupa hujazwa kutoka pipa moja tu, la lita 200 hivi. Pipa la jirani lina ladha yake. Bourbon ya Blanton's ilianza kuuzwa hivyo mwaka 1984. Inywe kavu, au mzawadie mjuzi.

• Mapipa machache. Machache mangapi? Sheria haisemi. Yawe kumi au mia, lebo ni ileile. Faida yake ni ladha isiyobadilika sana. Ni chaguo salama kwa anayeanza.