Gari-nyumba nchini Marekani: Kamba hukatikia pabovu

Msimu wa joto unapoingia nchini Marekani, barabara kuu zinazoelekea kwenye hifadhi za taifa kama Yellowstone na Grand Canyon hujaa magari makubwa yenye vitanda, jiko, choo na bafu ndani yake. Haya ndiyo magari-nyumba, yanayomwezesha msafiri kulala, kupika na kuoga bila kutafuta hoteli. Kwa familia ya Waafrika Mashariki inayoishi huko, kukodi au kununua gari la aina hii ni njia ya kuwaonyesha watoto nchi hiyo pana, huku pilau na chai zikipikwa njiani.

Hata hivyo, gari-nyumba ni gari na nyumba kwa wakati mmoja, na kila upande una masharti yake. Wauzaji hueleza kwa kirefu uzuri wa sofa na televisheni. Mambo mawili ambayo mara nyingi hupitiwa haraka ni umeme na uzito, nayo ndiyo yenye hatari kubwa kuliko yote. Kosa la umeme laweza kuunguza vifaa vyote kwa dakika moja, au kuua mtu. Kosa la uzito laweza kuzimaliza breki katikati ya mteremko.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Methali hiyo inatosha kuwa mwongozo wa mwenye gari-nyumba: katika umeme na katika kuvuta gari jingine, kinachoamua ni kile kiungo chenye uwezo mdogo kuliko vyote, hata kama vingine vyote ni imara.

Umeme wa aina mbili

Ndani ya gari-nyumba la Kimarekani mna mifumo miwili ya umeme. Wa kwanza ni wa volti 12, unaotoka kwenye betri. Huu huwasha taa, pampu ya maji, feni ya hita na vifaa vya kugundua gesi. Wa pili ni wa volti 120, sawa na ule wa nyumba za Marekani, unaotoka kambini au kwenye jenereta. Huu huendesha kiyoyozi, mikrowevu na soketi za ukutani. Gari likiunganishwa na umeme wa kambi, chaja yake hujaza betri pia.

Birika au pasi iliyoletwa kutoka Dar es Salaam, Mombasa au London imeundwa kwa volti 230 hadi 240, na kwa hiyo haitafanya kazi ipasavyo katika soketi ya volti 120. Kinyume chake kina hatari zaidi. Anayesafirisha gari-nyumba la Kimarekani kwenda Oman, ambako umeme ni wa volti 240, hana budi kutumia transfoma ya kupunguza nguvu hiyo. Hata hapo, transfoma haibadilishi mizunguko ya umeme kwa sekunde, ambayo ni 60 Marekani na 50 Oman. Mota zilizoundwa kwa mizunguko 60 zaweza kwenda polepole na kupata joto kupita kiasi.

Hesabu ya ampea

Katika kambi nyingi za Marekani, kila nafasi ya kuegesha ina kisanduku cha umeme chenye soketi ya ampea 30, ya ampea 50, au zote mbili. Wengi hudhani kwamba tofauti kati yake ni ndogo. Hesabu inaonyesha vingine.

Wati hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Soketi ya ampea 30 ina waya mmoja wa moto wenye volti 120, na kwa hiyo hutoa wati 3,600. Soketi ya ampea 50 ina nyaya mbili za moto, kila mmoja ukiwa na volti 120 na ampea 50. Jumla yake ni wati 12,000, zaidi ya mara tatu ya ile ya kwanza.

Tuchukue mfano wa asubuhi yenye joto katika gari la ampea 30. Kiyoyozi kinatumia takriban wati 1,500. Birika la chai linatumia wati 1,500 nyingine. Hadi hapo ni 3,000, na umeme unatosha. Mtu akiwasha mikrowevu inayokula wati 1,200, jumla inakuwa 4,200, na swichi ya usalama inajikata. Dawa si kuirudisha swichi mara kwa mara bali ni kupanga zamu: birika lichemke kwanza, kisha mikrowevu. Kwa vitu vinavyowaka saa nyingi mfululizo, ni busara kutovuka asilimia 80 ya uwezo, yaani ampea 24 katika soketi ya 30.

Uwezo huo hupungua zaidi gari linapochomekwa kwenye soketi ya kawaida ya nyumba ya jamaa au rafiki. Soketi ya ampea 15 hutoa wati 1,800 tu. Waya mwembamba wa kurefushia, kama ule unaotumika kwa taa au feni, utapata joto na waweza kuwaka moto hata kabla swichi haijajikata. Hapo ndipo kamba inapokatikia: soketi ni nzima, gari ni zima, lakini waya ulio katikati hauhimili.

Soketi inayodanganya

Kuna kosa moja linalowagharimu wenye magari-nyumba fedha nyingi. Mtu humwomba fundi amwekee nyumbani soketi ya ampea 30 kwa ajili ya gari lake. Fundi huona soketi yenye matundu matatu na ampea 30, akadhani ni kama ile ya mashine ya kukaushia nguo, ambayo kwa Marekani hutumia volti 240. Akaifunga hivyo. Gari likichomekwa, volti 240 huingia katika vifaa vya volti 120, na kwa muda mfupi mikrowevu, televisheni na chaja ya betri huungua.

Kwa hiyo mwenye gari amweleze fundi waziwazi kwamba soketi hiyo ni ya volti 120: waya mmoja wa moto, mmoja wa nyutro na mmoja wa ethi. Kisha ipimwe kwa kipimo cha umeme kabla ya kuchomeka chochote.

Kambini nako, soketi zilizochakaa ni za kawaida. Utaratibu salama ni huu: zima swichi ya kisanduku, kagua kama soketi imeungua au kulegea, chomeka, kisha ndipo uwashe. Wakati wa kuondoka, anza kwa kuzima. Kifaa cha ulinzi kinachochomekwa kati ya kisanduku na gari ni ununuzi wenye faida, lakini mnunuzi atofautishe aina mbili. Kile cha bei nafuu huzuia tu mruko wa ghafla wa umeme, kama ule wa radi. Kile kamili hupima pia volti zikizidi au zikipungua, pamoja na nyaya zilizofungwa vibaya, na hukata umeme chenyewe. Volti zikishuka chini ya 105 hivi, jambo linaloweza kutokea kambi ikijaa na kila mtu akiwasha kiyoyozi, mota ya kiyoyozi huwa hatarini kuharibika.

Mlango unaopiga shoti

Mtu aliyesimama pekupeku kwenye nyasi zenye umande akishika mlango wa gari na kuhisi mtetemo wa umeme, hiyo ni dalili ya kifo kinachokaribia, hata kama mtetemo wenyewe ni mdogo. Maana yake ni kwamba mwili wa gari una umeme na njia ya ethi imekatika. Matairi ya mpira hulitenga gari na ardhi, na mtu anayeligusa ndiye anayekuwa njia ya umeme kuelekea chini.

Hatua ya kwanza ni kuwaondoa watoto karibu na gari. Kisha swichi ya kisanduku cha kambi izimwe na gari lichomolewe. Lisiunganishwe tena mpaka chanzo kijulikane. Kalamu ya kupimia umeme bila kugusa waya, ambayo bei yake ni ndogo, yaweza kumwonya msafiri kabla mkono wake haujagusa mlango.

Betri na moshi

Anayelala mahali pasipo na umeme hutegemea betri. Betri ya kawaida ya risasi yenye ampea-saa 100 haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu, la sivyo maisha yake hufupika. Ikijaa huonyesha volti 12.6 au 12.7, ikikaribia volti 12.0, nusu imekwisha. Inveta, kifaa kinachogeuza volti 12 kuwa 120, huwavutia wengi kwa sababu huwezesha kutumia vyombo vya nyumbani popote. Lakini chombo cha wati 1,200 huvuta zaidi ya ampea 100 kutoka kwenye betri. Nusu ile inayoruhusiwa itakwisha kabla ya nusu saa.

Betri za lithiamu huruhusu kutumia sehemu kubwa zaidi ya uwezo wake, lakini zinahitaji chaja inayolingana nazo, na hazipaswi kuchajiwa zikiwa na baridi ya chini ya nyuzi sifuri. Kwa anayeishi Minnesota, sharti hilo si dogo.

Jenereta nayo hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Jenereta isiwekwe karibu na dirisha, wala isiachwe ikinguruma usiku watu wakiwa wamelala. Vifaa vya kugundua gesi hiyo na gesi ya jikoni vina mwisho wa matumizi, na tarehe huandikwa kwenye kifaa chenyewe. Anayenunua gari lililotumika azitazame tarehe hizo siku ya kwanza.

Kuvuta gari dogo

Baada ya nyumba kuegeshwa, msafiri huhitaji gari dogo la kwendea sokoni. Ndiyo maana wengi hulivuta gari lao nyuma ya gari-nyumba. Hapa methali ile inarudi kwa nguvu zaidi.

Kila gari-nyumba lina uzito wa juu linaloruhusiwa kubeba lenyewe, na uzito wa juu wa jumla pamoja na kinachovutwa. Chukua gari lenye ukomo wa pauni 14,500, yaani takriban kilo 6,580, na ukomo wa jumla wa pauni 22,000, karibu kilo 9,980. Tofauti ni pauni 7,500, na mwenye gari hudhani anaweza kuvuta uzito wote huo. Lakini kiungio cha nyuma kikiwa kimeandikwa pauni 5,000, ambazo ni kilo 2,270 hivi, ukomo ni huo. Na chuma cha kuvutia kikiwa cha pauni 4,500, ukomo ni 4,500.

Uzito wa gari lenyewe haukisiwi, hupimwa. Lita moja ya maji ina kilo moja. Tangi la lita 150 likijaa ni sawa na kubeba watu wawili wazima. Vituo vingi vya malori nchini Marekani vina mizani ya umma, na madereva wa malori, wakiwemo wale wa Afrika Mashariki, wanaifahamu vyema. Gari lipimwe likiwa limejaa maji, mafuta, chakula na abiria.

Si kila gari linavutika

Si kila gari dogo laweza kuvutwa magurudumu yote manne yakiwa chini. Katika magari mengi ya gia za kujibadilisha, pampu ya mafuta ya giaboksi huendeshwa na injini. Injini ikiwa imezimwa huku magurudumu yanazunguka, giaboksi hukauka na kuungua. Magari mengi ya umeme pia hayaruhusiwi kuvutwa hivyo. Jibu limo katika kitabu cha gari husika, tena cha mwaka huohuo, kwa kuwa mtengenezaji hubadilisha masharti. Gari lisiloruhusiwa hupandishwa juu ya trela.

Gari linalovutwa linahitaji breki yake ya ziada, inayofanya kazi pamoja na breki za gari-nyumba, na waya wa dharura unaoifunga breki hiyo endapo magari yataachana. Sheria hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, lakini uzito wa tani moja na nusu unaosukuma kutoka nyuma mlimani haujui mpaka wa jimbo. Minyororo ya usalama ipishane chini ya chuma cha kuvutia, ili chuma kikichomoka kidakwe kabla ya kuchimba lami. Taa za nyuma zijaribiwe kila asubuhi. Huko California, gari linalovuta jingine halipaswi kuzidi maili 55 kwa saa, takriban kilomita 88.

Kadhalika, gari linalovutwa kwa magurudumu manne lisirudishwe nyuma. Magurudumu ya mbele hujipinda na chuma huharibika. Aliyekosea njia alifungue kwanza.

Kabla ya kuwasha injini

Matairi ya gari-nyumba mara nyingi huzeeka kabla ya kuisha meno, kwa sababu gari hukaa miezi mingi limesimama. Tarakimu nne za mwisho katika namba ya ubavuni hueleza umri: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upepo upimwe asubuhi, matairi yakiwa baridi.

Mwisho, ni vyema kuandika kwenye karatasi moja namba tano na kuibandika karibu na usukani: urefu wa gari kutoka chini hadi juu ya kiyoyozi, uzito wake uliopimwa, ukomo wa kiungio, ampea za plagi na upepo wa matairi. Dereva anayezijua ataweza kuamua mwenyewe, mbele ya daraja fupi, mteremko mrefu au soketi ngeni, kama aendelee au asimame.