Sura ya Tano: Aliyeteremshwa Mgongoni

Januari, Ndalambo iko kwenye palizi. Mahindi na magugu yamepanda pamoja, na mwanamke aliyejifungua wiki tano zilizopita ameshaanza kulitazama jembe lake. Arobaini haijatimia. Mama mkwe aliyekuja kumkanda amekwisha kuaga, naye ana shamba lake linalomsubiri.

Saa mbili asubuhi mchanga analilia ziwa, uji unafurika mekoni, na kaka mtu mwenye miaka miwili na miezi minne ameketi ndani ya beseni la kuogeshea mdogo wake, nguo zote mwilini. Hatoki. Muulize mama nani anamchosha, atakutajia mchanga: usiku haulaliki, nepi hazikauki kwa mvua hii. Mimi nasema kazi iko kwenye beseni. Mchanga anataka ziwa, joto na usingizi, basi. Huyu mwingine mbeleko yake imepata mwenyewe mpya, na kila anapolalamika anaambiwa, "Wewe ni mkubwa sasa." Mkubwa wa miaka miwili!

Ugonjwa unaomnyemelea mtoto wa namna hii una jina la siku nyingi. Miaka ya 1930 Cicely Williams, daktari mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa akifanya kazi katika nchi inayoitwa Ghana leo, alikutana na watoto waliovimba miguu, nywele zimebadilika rangi, ngozi inabambuka. Akina mama wa huko, wa kabila la Ga, walikuwa na neno lake: ni maradhi yanayompata mtoto akishafuatiwa na mwingine. Mwaka 1935 Williams akaliandika neno hilo kwenye jarida la Lancet, likaenea duniani. Kwetu likageuka kwashakoo.

Nasi hatukuwa tumelala. Mtoto akidhoofu kabla hajaacha ziwa, watu hunong'ona kwamba amebemendwa, yaani wazazi wamekutana mapema mno na maziwa yakaharibika. Maziwa hayaharibiki hivyo, na minong'ono hiyo imewaliza wanawake wengi bure. Lakini waliolitunga neno waliona kweli: mimba ikiwahi, anayelipa ni aliyetangulia. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri angalau miezi 24 ipite tangu kujifungua hadi mimba inayofuata.

Huyo aliyetangulia anavyodhoofu si muujiza. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo ale mara nne au tano kwa siku, na chakula kiwe kizito. Mama mwenye mchanga hawezi kuwasha moto mara tano. Mtoto anaishia kula ugali mchana na usiku kwenye sahani ya pamoja, akishindana na mikono inayojua kumega. Katikati anapewa uji mwepesi wa sembe, unaojaza tumbo na kuondoka. Dawa yake ni ya kawaida mno hadi watu huidharau: sahani yake peke yake, na uji mzito wa asubuhi uliotiwa karanga za kusaga, mwingine ukitunzwa kwenye chupa ya chai mpaka saa nne. Wilaya yetu ya Momba inalima ulezi, na Kiswahili kimeita nafaka hiyo na kazi ya kulea kwa neno lilelile. Anayekoboa mahindi mpaka yawe meupe pe, halafu anauza ulezi wote kwa wapika pombe, na atafakari.

Kama wa kwanza alikuwa bado ananyonya, hakuna amri ya kumwachisha siku mdogo wake anapofika. Wawili wanaweza kunyonya mama mmoja ikiwa anakula vizuri. Mchanga atangulie tu, hasa siku za mwanzo, dang'a ni yake.

Zamani mzigo huu ulikuwa na mgongo mwingine. Dada wa miaka tisa alimbeba wa katikati kutwa nzima, akicheza rede naye mgongoni. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, mwaka uleule mkoa wetu wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya, dada huyo ana kila sababu ya kuwa darasani asubuhi. Ndipo panapompasa. Ila nyumbani hakuna aliyehesabu mikono iliyopungua: mama amebaki na wawili, moto na shamba.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa aliyejifungua siku 84 zenye malipo, ndani ya mzunguko wa miezi 36, na baba siku 3. Jembe halina mwajiri wa kuombwa ruhusa.

Nafasi iliyobaki wazi ni ya baba, na wengi huijaza vibaya. Anarudi kutoka Tunduma, anampakata mchanga, anamsifia pua, anamrudisha akilia. Mchanga hana shida naye bado. Baba amchukue yule mwingine: amweke shingoni waende wote dukani, kisimani, kwenye mashine ya kusaga. Saa moja tu ya namna hiyo, mama anaoga, ananyonyesha bila kukurupuka kuzuia mkono unaoelekea kwenye sufuria, pengine anasinzia.

Wiki ya sita mchanga anakwenda kliniki kwa chanjo. Kaka yake apelekwe siku hiyohiyo na kadi yake, maana mizani ni ya wote mpaka miaka mitano. Kadi nyingi huacha kujazwa mtoto akishamaliza sindano ya miezi 18, na hapo ndipo nukta za uzito zilikuwa karibu kuanza kushuka. Kwenye foleni usishangae akishauri, kwa sauti, mdogo wake aachwe hukohuko kwa nesi.

Jioni, baada ya beseni na fujo zake, yule kaka mtu alikwenda kwenye rundo la magunzi ya kuwashia moto. Akachagua moja, akaleta kipande cha kanga, akainama mbele ya mama yake afungiwe mgongoni. Mama akafunga kwa mkono mmoja, mchanga yuko ziwani. Mtoto akatembea mpaka mlangoni, akageuka, akaweka kidole mdomoni.

"Shii. Limelala."